Disiki dure imekataa kufunguka? Usiformate, sikiliza kwanza

Hapa Mulungwishi, njiani kati ya Likasi na Fungurume, iko kampasi ya Université Méthodiste au Katanga. Mwanafunzi anayemaliza masomo anaandika memwari yake miezi mingi, na mara nyingi kazi yote inalala ndani ya disiki dure moja tu. Kwaya nazo zinaweka nyimbo humo, parokia zinaweka orodha ya wabatizwa, jamaa zinaweka picha za wazee waliokwisha kutuacha. Siku disiki inakataa, mutu anaingiwa na woga, anabonyeza kila kitu. Hapo ndipo hasara inapoingia. Mara nyingi mafaili bado yako ndani. Ni haraka yetu ndiyo inayoyamaliza.

Tujue kwanza kile kitu kinafanya kazi namna gani. Ndani ya kisanduku kuna sahani zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika. Juu yake kuna kichwa kidogo chenye kusoma. Kichwa hakigusi sahani: kinaelea karibu sana, hata chembe ya vumbi ni kubwa kupita nafasi ile. Ndiyo maana disiki ikianguka au ikifunguliwa mezani, inaumia vibaya.

Anza na kurani

Disiki ndogo ya nje inapata kurani toka kwenye mashini, kwa kable ya USB. Tundu la USB 2 linatoa kwa kawaida miliampere 500, na disiki ikianza kuzunguka inaweza kuomba zaidi. Ikikosa, inalia tik-tik, inawaka na kuzimika. Unafikiri imekufa, kumbe iko na njaa tu.

Basi badilisha kable, maana kable ndiyo inachoka mbele. Toa ralonji, chomeka moja kwa moja. Kwa odinatere ya mezani, tumia matundu ya nyuma. Kisha jaribu mashini ya mwenzako, yenye batri imejaa. Disiki kubwa yenye chaja yake, angalia ile chaja: delestaji na kurani inayorudi kwa nguvu vinaweza kuiunguza hata kama disiki yenyewe ni nzima.

Sasa tumia sikio

Kama umebadilisha kable na mashini na bado, sikiliza.

Inazunguka vizuri, lakini mashini inauliza kama unataka kuiformata: jibu hapana. Hapa mara nyingi ni daftari la anuani ndiyo limeharibika. Nyumba ziko, njia ya kuzifikia ndiyo imepotea.

Inafunguka, lakini polepole sana, na mafaili mengine yanakataa kukopi: sahani imeanza kuchakaa. Kopi sasa hivi, ukianza na yale ya lazima. Usianze na filamu.

Inagonga au inakwaruza, hata kwa kable nzuri: kichwa kimeumia. Chomoa. Kila dakika unayoiacha inazunguka, kichwa kinaweza kukwangua sahani zaidi.

Kimya kabisa: inawezekana ni motere ao karte ya umeme chini yake. Kuhamisha karte ya disiki nyingine ya namna ile ile hakusaidii sana leo, sababu karte inabeba chipu yenye vipimo vya disiki yake peke yake.

Kopi mbele ya kutengeneza

Kwa disiki ambayo haigongi, ziko programu za bure. CrystalDiskInfo inakuonyesha afya ya disiki. TestDisk inaweza kurudisha daftari la anuani. PhotoRec inaokota mafaili hata kama daftari halipo, ila majina yao yanapotea, na itabidi ufungue moja moja. Kwenye Linux iko ddrescue: inakopi mbele sehemu nzima, halafu inarudi kwa zile ngumu.

Sheria ni moja: programu usiiweke ndani ya disiki mgonjwa, na mafaili unayookoa usiyaandike humo. Yatafunika yale unayotafuta. Tena, chkdsk ya Windows iache mpaka umemaliza kukopi, sababu inabadilisha vitu ndani ya disiki.

Kuna watu wanashauri kuweka disiki ndani ya friji. Usifanye. Ukiitoa, unyevu unaweza kuganda juu ya sahani, na kichwa kikipita pale, kwisha. Kuipigapiga pia si dawa.

Kabla ya kumpa fundi

Disiki inayogonga inahitaji kufunguliwa ndani ya chumba kisicho na vumbi, na bei ya kazi hiyo inaweza kupita mbali bei ya disiki yenyewe. Kwa hiyo muulize fundi: utafanya nini kwanza? Akisema atakopi mbele ya kugusa kitu, huyo anajua. Akisema ataifungua pale kwenye meza yake, ao ataformata ili iendelee, chukua disiki yako urudi nayo nyumbani. Disiki iliyolala bila kurani haiharibiki zaidi. Unaweza kungoja mpaka upate pesa.

Kwa wale ambao disiki zao zingali nzima, mafundi wanashauri kopi tatu: mbili kwenye vyombo mbalimbali, na moja nje ya nyumba, kwa ndugu ao kwenye intaneti. Memwari yote ya maandishi mara nyingi ni mega chache tu. Inaingia ndani ya fulashi, na unaweza kujitumia mwenyewe kwa barua pepe kabla kurani haijakatika leo jioni.