Kupiga Picha ya Mwezi Kupitia Matawi Yaliyopukutika Majani

Katika miji ya kaskazini mashariki mwa Marekani kama Boston, ulioko nyuzi 42 hivi kaskazini mwa ikweta, miti mingi ya mepo na mialoni huwa imekwisha kupukutisha majani ifikapo mwanzoni mwa Desemba, na kipindi hicho hicho ndicho ambacho mwezi mpevu hupanda juu angani kuliko majira mengine yote ya mwaka. Mambo haya mawili yana asili moja, nayo ni mlalo wa mhimili wa dunia. Jua la majira ya baridi linapopita chini upande wa kusini, mwezi mpevu, ambao daima hukabiliana na jua kutoka upande wa pili wa anga, hupita juu. Ndiyo maana mwezi mpevu wa usiku wa manane wa Desemba huonekana Boston ukiwa nyuzi 70 hivi kutoka kwenye upeo wa macho, ilhali ule wa Juni huishia karibu na nyuzi 25. Tarakimu hizi hupanda na kushuka kidogo mwaka hadi mwaka, kwa kuwa njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi ikilinganishwa na ile ya jua.

Ugumu wa picha hii unatokana na mwangaza zaidi kuliko giza. Uso wa mwezi hurudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga unaoupiga, sawa na lami iliyochakaa, lakini bado ni jiwe lililo juani mchana kweupe, na hupigwa picha kwa vipimo vinavyokaribia vile vya mchana: wepesi wa sensa kuhisi mwanga, yaani ISO, ukiwa 100, tundu la lenzi likiwa f/11, na shata ikifunguka kwa sehemu 1 ya 100 ya sekunde. Matawi yaliyo mbele yake, kwa upande wao, hupata mwanga wa mbalamwezi peke yake, ambao ni hafifu kuliko mwanga wa jua la adhuhuri kwa takriban mara 400,000. Wapiga picha huhesabu tofauti ya namna hiyo kwa hatua, kila hatua ikiwa ni mwanga kuongezeka maradufu, na hapa hatua hizo zinapita 18, ilhali sensa nzuri za siku hizi hunasa 14 hivi kwa mpigo mmoja. Kamera iliyoachwa ijipimie yenyewe huliona anga jeusi, ikafungua shata kwa muda mrefu, na matokeo yake ni duara jeupe lisilo na yale mabaka meusi yaitwayo bahari za mwezi. Tena mng'ao wake humeza vitawi, hata kitawi kinachokatiza mbele ya mwezi kikaonekana kimekatika ukingoni mwa duara na kuibuka tena upande wa pili.

Njia iliyo bora, na pengine ndiyo pekee inayostahili jasho la mpiga picha, ni kuukaribia usiku bila kuuingia. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo jioni moja kabla haujapevuka, ule ambao watu wa pwani wangeuhesabu kuwa wa kumi na tatu, huchomoza jua likiwa bado halijatua, na kwa muda mfupi mwanga wa anga, wa magome na wa mwezi hukaribiana kiasi cha kuingia katika picha moja. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams aliipiga picha yake ya mwezi na mlima Half Dome, huko Yosemite, California, alasiri ya tarehe 28 Desemba 1960, mwezi ukiwa haujajaa na jua likiwa bado linauangaza mwamba. Miaka 19 kabla ya hapo, alipokuwa akipiga picha ya mwezi katika kijiji cha Hernandez, New Mexico, alikosa kukiona kipimamwanga chake, akakokotoa vipimo kutokana na ung'avu wa mwezi aliokuwa akiujua kwa kichwa.

Linalofuata ni umbali, na hapa ndipo wengi wanapopoteza picha kwa kuusogelea mti. Upana wa mwezi angani ni nusu ya nyuzi moja, maana yake ni kwamba hufunika kitu chenye upana wa takriban sehemu 1 ya 110 ya umbali wake kutoka kwa mtazamaji. Anayesimama mita 10 kutoka kwenye tawi atauona mwezi ukifunika sentimita 9 tu za tawi hilo, kadiri ya kiganja. Akirudi nyuma hadi mita 150, mwezi ule ule utafunika karibu mita 1.4 za kilele cha mti, na tawi lenye unene wa sentimita 7 litachora mstari mmoja mwembamba, kiasi cha sehemu 1 kati ya 20 ya upana wa duara. Lenzi ndefu haibadilishi uwiano huo. Kazi yake ni kukuza tu kile ambacho miguu imekwisha kukipanga.

Kurudi nyuma hutatua pia tatizo la kina cha fokasi, yaani masafa ambayo vitu vilivyomo huonekana vyenye ncha kali. Kwa lenzi ya milimita 300 na tundu la f/11, kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24 ikilengwa kwenye mita 270 hivi, vitu vyote kuanzia mita 135 hadi mwezi wenyewe hukubalika kwa macho, na mti ulio mita 150 umo ndani ya masafa hayo. Mti ulio karibu zaidi humlazimisha mpiga picha kuchagua kati ya matawi makali na mwezi mkali. Hilo pia ndilo linaloufanya mwezi wa usiku wa manane, pamoja na uzuri wake wote, usifae sana: ukiwa nyuzi 70 juu, mti pekee unaoweza kuufikia ni ule ambao mtu amesimama chini yake.

Uchaguzi wa mti wenyewe hauna mengi, ila mialoni michanga hung'ang'ania majani makavu hadi machipuko, ikaziba anga.

Wapo wanaounganisha picha mbili, moja ya mwezi na moja ya mti, na hakuna ubaya mradi waseme. Udanganyifu hujulikana upesi, kwa sababu mwezi wa kubandikwa mara nyingi huwa mkubwa kuliko umbali wa mti unavyoruhusu, au hukaa mbele ya vitawi badala ya nyuma yake.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kungoja theluji. Mibuyu ya hifadhi ya Tarangire, Tanzania, hukaa bila majani katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba hivi, na kwa kuwa karibu na ikweta mwezi huchomoza ukipanda wima kuliko huko kaskazini, dakika za kuukuta ukiwa bado chini katikati ya matawi ni chache. Mahali pa kusimama pachaguliwe na kupimwa kwa hatua kabla jua halijatua.