MAELEZO KWA WANANCHI: NAMNA YA KUJIFUNZA KUENDESHA PIKIPIKI KUBWA KWA USALAMA

Wananchi wa Unguja na Pemba wenye nia ya kuendesha pikipiki kubwa wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa makini. Pikipiki ndogo zilizozoeleka visiwani mwetu, zenye injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, huwa na uzito wa takriban kilo 100 hadi 130. Pikipiki kubwa huwa na kilo 200 au zaidi, kabla dereva hajaipanda. Aliyezoea chombo kidogo hudhani kwamba kinachohitajika ni nguvu za mikono tu. Sivyo. Uzito huo haushindwi kwa nguvu bali kwa mbinu, na mbinu hizo hujifunzwa kwanza kwa mwendo wa polepole, katika uwanja mtupu, mbele ya mwalimu mwenye ujuzi.

1. Kukizoea chombo kikiwa kimezimwa. Mwanafunzi aanze kwa kukisukuma akiwa upande wa kushoto, kiuno chake kikiwa karibu na kiti. Chombo kikiwa wima, uzito wote huchukuliwa na magurudumu. Kikishainama kupita kiasi hakizuiliki, na anayeng'ang'ania huweza kuumia mgongo au mguu; ni bora kukiachia na kujiondoa. Ili kukiinua, injini izimwe kwanza. Ikiwa kimelalia upande wa kulia, stendi ya kushoto itolewe mapema ili kisije kikaangukia upande wa pili. Kisha dereva aelekeze mgongo kwenye kiti, ashike usukani kwa mkono mmoja na sehemu imara ya fremu kwa mkono mwengine, na asukume kwa miguu, akirudi nyuma kwa hatua fupi.

2. Mwendo wa polepole. Pikipiki nzito huanguka zaidi inaposimama au inapogeuzwa mahali finyu. Dereva aiachie klachi nusu, aweke mafuta kwa kiasi kisichobadilika, na aishike kidogo breki ya mguu. Macho yaelekee anakokwenda, yasitazame gurudumu la mbele. Breki ya mbele isikamatwe wakati usukani umekunjwa, kwani hapo chombo hulala papo hapo.

3. Kufunga breki. Wapo wanaoiogopa breki ya mbele kwa kudhani kwamba itawarusha. Ukweli ni kwamba chombo kinapopunguza mwendo, uzito huhamia gurudumu la mbele, na breki hiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Hatari ipo katika kuikamata kwa ghafla. Ibanwe taratibu na kuongezwa, pamoja na breki ya mguu, chombo kikiwa kimenyooka. Ikumbukwe pia kwamba kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata karibu mita 17 kwa kila sekunde. Mwendo ukiongezwa mara mbili, masafa ya kusimama baada ya breki kushika huongezeka mara nne.

4. Kukata kona. Mwendo upunguzwe kabla ya kuingia kwenye kona, si ndani yake. Pikipiki inayokwenda kasi haikati kona kwa kukunjwa usukani kama gari. Dereva anayetaka kwenda kushoto husukuma mbele kidogo mkono wa kushoto wa usukani, na chombo huinamia upande huo. Katika kona ya kulia asiukaribie mstari wa kati, kwani magurudumu yanaweza kuwa upande wake hali kichwa chake kimeingia njia ya gari linalotoka mbele.

5. Hali ya barabara. Mvua inapoanza kunyesha, mafuta na vumbi vilivyoganda juu ya lami huifanya iteleze. Penye mchanga, dereva apunguze mwendo mapema, asikamate breki ya mbele ghafla, na asiinamishe chombo. Kwenye matuta, kama yale yaliyowekwa Jozani kwa ajili ya kuwalinda kima punju, breki ifungwe kabla ya tuta na iachiwe wakati wa kulivuka.

6. Kofia ngumu na abiria. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliotolewa mwaka 2008 ulionesha kwamba, kwa waendesha pikipiki wanaopata ajali, kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Kofia isiyofungwa mkanda huweza kuchomoka, hivyo haitegemewi. Abiria naye avae yake. Mwanafunzi asipakize mtu mpaka awe ameyamudu yote yaliyotangulia, kwa kuwa uzito wa nyuma hubadilisha namna chombo kinavyosimama na kinavyokata kona.

Mwananchi aliyekwishapata leseni asidhani kwamba amemaliza kujifunza. Kila anapobadilisha chombo, na aanze tena uwanjani. Chombo cha kilo 200 kinapomshinda dereva, haumii yeye peke yake. Watoto wanaovuka barabara wakitoka skuli au chuoni hawana kofia wala kinga yoyote, na usalama wao umo mikononi mwa anayekiendesha. Kwa hivyo wazazi, walimu na masheha wanaombwa kuwafikishia vijana maelezo haya kabla hawajakabidhiwa funguo.