RAM na Prosesa: Mbio za Kwenda Sambamba

Fundi anachomeka RAM iliyoandikwa 3600, anawasha kompyuta, kisha anakuta mashine inasoma 2133. Hakuna aliyetapeliwa. RAM nyingi za DDR4 huwaka kwa kasi ya chini iliyo salama. Kasi iliyonadiwa kwenye pakiti hupatikana mtu akiingia BIOS na kuwasha XMP, mpangilio ulioletwa na Intel mwaka 2007.

Je, kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kompyuta inavyopata kasi? Si lazima. Mfano mzuri ni prosesa za AMD Ryzen 3000 zilizotoka mwaka 2019. Ndani yake mna njia ya data iitwayo Infinity Fabric, inayounganisha viini na kidhibiti cha RAM. DDR hupitisha data mara mbili kwa kila mpigo wa saa, hivyo RAM ya 3600 kwa kweli hupiga megahezi 1800. Infinity Fabric nayo ikipiga 1800, hakuna anayemsubiri mwenzake.

Mnunuzi akikimbilia RAM ya 4000, nyingi ya prosesa hizo hushindwa kuifuata. Kidhibiti hushuka hadi nusu ya mwendo wa RAM, data huchelewa, na baadhi ya michezo hukwama zaidi kuliko kwa ile ya 3600.

Kwa Ryzen 7000 za mwaka 2022, zinazotumia DDR5, wengi huchagua 6000. Pia, vipande viwili vya RAM vinavyofanana, vikikaa kwenye nafasi ya pili na ya nne katika ubao mama wenye nafasi nne, kwa kawaida hufungua njia mbili za data kwa pamoja.