Mnara umefika kijijini, lakini picha ya kantangaze inatumwa?



Msimu uliopita kijana mmoja wa nyanya alinipigia: "Afisa, majani yanakauka, nipige dawa gani?" Nikamwomba picha. Ikagoma kutoka, kwao simu inaita vizuri, ila intaneti haishiki. Kwa maelezo yake nikadhani ni bakajani, nikamtajia dawa ya ukungu. Siku nne baadaye nikafika na pikipiki. Viwavi ndani ya majani, matunda yametobolewa: kantangaze! Dawa ya ukungu haiui kiwavi. Nusu eka ilishakwenda. Kosa lile ni langu, na ndilo limenifanya nilifuatilie suala hili la mtandao.

Iko hivi. Intaneti inaingia nchini kwa nyaya za chini ya bahari zinazotua Dar es Salaam. Kutoka hapo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaipeleka mikoani na wilayani. Kipande cha mwisho, cha kukufikia wewe shambani, ni mnara. Kampuni za simu hazina haraka ya kujenga penye wateja wachache, ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) wa kuzipa ruzuku. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713.

Sasa hapa tuelewane: kuwa na mnara siyo kuwa na intaneti ya kasi. 2G ni ya kupiga na kutuma meseji. Picha inataka angalau 3G, na 4G ndiyo nzuri zaidi. Tena mnara ukiwa wa 4G na wewe una kitochi, bado hujafaidika.

Fanya haya:

1. Angalia juu ya kioo cha simujanja ukiwa shambani. Ukiona E au 2G, jaribu laini ya mtandao mwingine.
2. Kama laini zote ni hivyo, lipelekeni kwenye mkutano wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, kisha mfuateni diwani alipeleke halmashauri.
3. Kikundi kisicho na simujanja kinunue hata moja, na mmoja ajifunze kupiga picha ya jani kwa karibu, juu na chini.
4. Wenye kitochi, pigeni *152*00#. Haihitaji bando.

Picha moja ingeokoa ile nusu eka. Tukutane shambani.