Fundi wa Jinzi na Jina Lake

Kijana wa Magomeni asemapo kwamba ataka kuishi kwa kubuni mavazi ya jinzi, aghalabu wazee wake hudhani amekosa la kufanya. Twaona si haki kumkatiza kabla ya kuitazama kazi yenyewe. Kazi hiyo asili yake ni ushonaji, nao ushonaji umelisha nyumba nyingi za mji huu kwa cherehani moja iliyowekwa barazani.

Suruali ya jinzi haikubuniwa na tajiri, bali na fundi. Jacob Davis, mzaliwa wa Riga, alikuwa na duka la ushonaji katika mji wa Reno, Marekani. Mwanamke mmoja alimwagiza suruali isiyochanika upesi, kwa ajili ya mumewe mkata kuni. Davis akaipigilia vijisumari vya shaba penye pembe za mifuko. Baadaye alimwandikia Levi Strauss wa San Francisco, mfanya biashara aliyekuwa akimwuzia vitambaa, washirikiane, na tarehe 20 Mei, 1873 wakapewa hati ya uvumbuzi. Basi sifa yote ile ilianzia katika haja ya mteja mmoja.

Atakaye kazi hii na aanze kwa kukijua kitambaa. Jinzi ni pamba. Nyuzi za mtande hutiwa rangi ya nili, na za mshindio huachwa nyeupe. Ndiyo sababu nje huwa buluu na ndani nyeupe, na rangi hupauka kadiri nguo ivaliwavyo. Kitambaa kisichopata kufuliwa hupungua kikilowa, kwa hiyo hufuliwa kabla ya kukatwa. Sindano yake ni nene, namba 16 au 18, na mishono ya miguu hukunjwa ikapigwa nyuzi mbili.

Mafunzo hayako mbali. Chuo cha VETA, Chang'ombe, hufundisha ushonaji na ubunifu wa mavazi. Huko Mabibo, katika eneo la viwanda lenye jina la Benjamin William Mkapa, kiwanda cha Tooku kimeshona jinzi za kuuzwa Marekani. Kiwandani kijana hujifunza wepesi na usawa wa mshono; lakini mkato na nembo ni vya mnunuzi. Atakaye kuwa mbunifu hana budi kuvuka hapo. Mustafa Hassanali, aliyesomea udaktari kabla ya kushika ubunifu wa mavazi, alianzisha mwaka 2008, papa hapa Dar es Salaam, maonyesho ya Swahili Fashion Week, na wabunifu wengi wameonyesha humo kazi zao.

Hapa pana mtego. Wako mafundi washonao suruali nzuri, kisha wakabandika nembo ya kampuni ya ng'ambo. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 yakataza jambo hilo, na mnunuzi amedanganywa. Zaidi ya hayo, fundi amejidhulumu nafsi yake: suruali ikisifiwa, sifa ni ya mwingine, mteja akitaka ya pili, hajui amtafute nani. Na aweke jina lake mwenyewe, alisajili BRELA, alilinde kwa kazi safi.

Na jina litokane na mkato. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, wa kupiga vita suruali za kubana na sketi fupi kuanzia Januari 1969. Lawama ilikuwa juu ya mkato, si juu ya kitambaa. Mpaka leo, mama atakaye sketi ndefu ya jinzi kwa bintiye, au koti pana lenye stara, huzunguka Kariakoo akichagua katika nguo zilizokatwa kwa ajili ya watu wengine. Haja hiyo ni sawa na ile ya mke wa mkata kuni: yamngoja fundi wa kuitimiza.

Basi, enyi wazazi, mwana akiomba cherehani, msimwulize lini atapata umaarufu. Mwulizeni nani atamshonea kwanza, na nguo itakuwa tayari siku gani. Siku hiyo ikifika, na iwe tayari. Neno "njoo kesho" limewafukuza wateja wengi kuliko bei.