Runinga ya chumba cha pili inahitaji fundi mwenye kipimo

Kupeleka picha ya runinga kutoka sebuleni hadi chumbani ni kazi ya kila siku kwa mafundi dishi wa Dar es Salaam. Enzi za analojia, mwenye nyumba aligawa waya wa antena na kila runinga ikaonyesha chaneli iliyotaka. Mitambo ya analojia ilipozimwa jijini usiku wa 31 Desemba 2012, runinga zilizokuwapo zikahitaji ving'amuzi, na gharama ya chumba cha pili ikapanda.

Mahitaji yapo. Mwaka 2021 kampuni ya Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) zilisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Fedha hizo hutafutwa kwenye vifurushi vya majumbani, ambako Simba na Yanga zikicheza, mwingine anataka tamthilia yake saa ileile.

Kwa hiyo fundi mzuri huanza kwa swali: mnataka picha ileile vyumba vyote, au kila chumba na chaneli yake?

Picha ileile ndiyo nafuu. King'amuzi kimoja, kifurushi kimoja, splita ya HDMI na waya. Umbali ukizidi mita 10 hadi 15, waya wa kawaida huanza kusumbua. Hapo hutumika vifaa vinavyopitisha picha kwenye waya wa mtandao. Rimoti nayo haipenyi ukuta, hivyo kinahitajika kifaa cha kurudisha mawimbi yake sebuleni.

Chaneli tofauti hudai king'amuzi cha pili, na hapa ndipo wateja wengi hupoteza fedha. King'amuzi cha dishi huiamuru LNB, kipokezi kilicho mbele ya dishi, kwa umeme: volti 13 kwa kundi moja la chaneli, volti 18 kwa jingine. Ving'amuzi viwili vikichangia waya mmoja kwa splita ya kawaida, amri hugongana na chaneli hupotea. Dawa ni LNB ya matundu mawili, kila king'amuzi na waya wake. Kwa antena za kawaida splita inafaa, ila kila upande hupata chini ya nusu ya nguvu. Walio mbali na mnara huhitaji busta, nayo ifungwe karibu na antena, kabla ya splita.

Kisha kuna ada ya kila mwezi. DStv humruhusu mteja kuunganisha king'amuzi cha pili kwenye akaunti yake kwa ada ya ziada. Kwingine aulize kabla ya kununua. Intaneti huondoa waya wote, lakini saa moja ya picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 za bando.

Zamani chenga zilimwonyesha fundi tatizo mapema. Dijitali huwa safi hadi mawimbi yanapopungua mno, ndipo picha inaganda. Macho hayatoshi tena. Kipimo cha mawimbi ni mtaji wa lazima. Fundi anayepima, akaandika gharama zote za vifaa na za kila mwezi kabla ya kutoboa ukuta, anastahili kulipwa kwa ushauri huo. Wateja wakikubali kuulipia, watapunguza gharama ya kurudia kazi, na ufundi huu utakuwa ajira ya heshima.