Mashua ya Dola 1,195

Nje ya F.A.O. Schwarz, duka la vitu vya kuchezea katika barabara ya Fifth Avenue jijini New York, kundi la watoto kutoka Harlem limekodolea macho mashua ndogo ya kuchezea. Bei yake ni dola 1,195. Wanaisoma bei hiyo kwa pamoja, kama wanafunzi darasani. Kisha Sylvia anairudia peke yake, asije akawa amerogwa na sauti za wenzake.

Huyu Sylvia ndiye msimulizi wa "The Lesson", hadithi fupi ya Toni Cade Bambara iliyomo katika mkusanyo wake wa mwaka 1972, *Gorilla, My Love*. Bambara, aliyezaliwa New York mwaka 1939, aliishi Harlem utotoni, na simulizi yake inazungumza Kiingereza cha vijiweni, matusi yakiwemo. Aliyewaleta watoto dukani ni Bi Moore, jirani aliyesoma hadi chuo na kujitwika kazi ya kuwaelimisha. Sylvia hamwezi kabisa. Siku yenyewe ni ya joto, na yeye alitaka kwenda kuogelea.

Tusidhani kwamba hajui pesa. Walipokuja kwa teksi, Bi Moore alimkabidhi noti ya dola tano amlipe dereva na kumwongezea bakshishi ya asilimia kumi. Nauli ilikuwa senti 85. Sylvia akaamua kwamba bakshishi anaihitaji yeye kuliko dereva, chenji akaitia mfukoni. Hesabu anaiweza, tena vizuri mno!

Lakini mlangoni mwa duka, msichana huyu asiyeogopa mtu anasita. Anaona aibu, wala hajui aibu hiyo imetoka wapi, kwani duka ni la kila mtu na hakuna aliyemzuia. Hapa ndipo Bambara anapoonyesha ustadi wake. Tabaka halijitokezi kwa umbo la mlinzi mwenye rungu. Limo katika miguu ya mtoto inayokataa kusonga. Ndani, Sugar, rafiki yake wa chanda na pete, anaigusa mashua, na Sylvia anatamani kumtwanga mtu ngumi ya mdomo, yeyote yule.

Katika "Araby" ya James Joyce, iliyochapishwa katika *Dubliners* mwaka 1914, mvulana naye anakwenda sokoni na kurudi mikono mitupu, ila hasira yake anajigeuzia mwenyewe. Hasira ya Sylvia haijapata pa kutua.

Kwenye treni ya kurudi, anayemkaa kichwani ni mchekeshaji wa kuchezea anayepinduka sarakasi kwenye chuma: dola 35. Mashua ilikuwa mbali mno na maisha yake, lakini dola 35 anazijua. Zingenunua vitanda vya ghorofa vya watoto. Zingepeleka nyumba nzima kumtembelea babu shamba. Zingelipa kodi, na deni la piano juu yake. Hotuba ya Bi Moore haikufika huko.

Wakiulizwa wamejifunza nini, Sugar ndiye anayejibu: mashua moja inazidi chakula chao wote kwa mwaka. Sylvia anamkanyaga mguu anyamaze. Baadaye Sugar anataka wakimbizane kwenda kuzila zile dola nne zilizobaki. Sylvia anamwacha atangulie, ili yeye mwenyewe atafute pa kukaa aifikirie siku hii. Chenji bado iko mfukoni mwake.